Bado Hakijaiva

Katika ile Nyumba, ghala likianza kuonyesha sakafu yake, Mungu naye alianza kutaka watu wafunge. Mama Upawa alikuwa ameligundua hilo miaka mingi nyuma, akalimeza, maana vitu vya kumeza ndani ya Nyumba vilikuwa vingi kuliko chakula. Magunia yakikaribia kwisha, Baba Mlezi alisimama baada ya sala, akafumba macho, akasema kwa ile sauti yake laini kwamba amesikia wito wa saumu. Gunia la maharage likiingia, wito ukaisha. Hakuna aliyethubutu kucheka. Chumvi peke yake, msaidizi wa jikoni, aliwahi kunong'ona huku akipepeta mchele, "Mama, huyu Mungu wetu mbona anazijua sana habari za ghala?" Mama Upawa akamkanyaga mguu asije akawaponza wote wawili.

Chumvi aliitwa hivyo kwa sababu ya mdomo wake. Mama Upawa aliitwa hivyo kwa sababu ya upawa wa mti, mpini mrefu, kichwa kimeliwa upande mmoja kwa kukwangua masufuria, ambao ndio uliopima chakula cha kila mtu. Upawa mmoja wa wali, mmoja wa maharage, kwa kila bakuli, uwe fundi uliyebeba matofali kutwa au bibi unayeshinda kitini ukishona vifungo. Baba Mlezi alikula kwa upawa huohuo, kutoka sufuria hiyohiyo, kwenye bakuli la bati lililobonyea kama mengine. Hilo lazima lisemwe kwa sababu ni kweli. Hakuwa na kuku wa mlango wa nyuma wala sahani ya siri chumbani. Laiti angekuwa mlafi! Mlafi hakusumbui kichwa: unamjua, unamcheka, unamzoea. Baba Mlezi hakutaka chakula cha watu. Aliwataka watu wenyewe.

Na watu alikuwa nao. Waliotoka kwenda kujenga, kufua na kushona walirudi jioni na kukabidhi ujira wao ofisini kwake. Ukitaka sabuni uliomba, ukitaka viatu uliomba, na ukitaka kutoka nje ya geti uliomba na kueleza unakwenda kufanya nini. Mama Upawa aliingia akiwa mjane kijana, mtoto wa kiume mgongoni, ndugu wa mume wakiwa wamemfungia mlango. Nyumba ikampa paa, ikampa jiko, ikampa watu wa kumwita mama. Kwa hiyo asije mtu hapa akauliza alikaa kwa nini. Alikaa kwa sababu alipokelewa.

Meza ya Nyumba ilikuwa na kanuni zake, na mbili ndizo za kuzijua.

Ya kwanza ilizaliwa kwa aibu. Mwanzoni kabisa, Nyumba ikiwa changa na kuni zikiwa mbichi, watu walilishwa maharage yaliyoiva nusu. Kilichofuata ni foleni ya chooni ambayo haijapata kuonekana tena, na Baba Mlezi mwenyewe alikuwa ndani ya foleni hiyo, ameshika tumbo, akiomba apishwe kama binadamu mwingine yeyote. Alipopona alisimama mezani akatangaza. "Kuanzia leo hakuna atakayetia kijiko mdomoni mpaka aliyepika aonje mbele yetu sote na kusema, Kimeiva. Hata mimi. Neno hilo ni la mpishi. Mimi sina." Jambo la tumbo likageuka mahubiri. Kila alipotaka kufundisha utii alinyoosha kidole jikoni. "Mnaniona? Mimi ninayewaongoza ninangoja neno la mpishi. Wewe ni nani hata usiweze kungoja?" Wageni walioletwa kuona maisha ya Nyumba walifuta machozi waliposikia hayo.

Kanuni ya pili iliitwa kufunikwa. Mtu akikosa, bakuli lake lilipinduliwa kifudifudi mezani. Alikaa palepale kwenye benchi, bega kwa bega na wenzake, akiwatazama wakila, na hakuna aliyemsemesha. Asubuhi alipewa kikombe cha uji mwepesi, na kwa maneno ya Chumvi uji ule ulikuwa wa kumzuia asife akawaaibisha. Siku aliyosimama mbele ya wote na kusema "Nimekosa," Baba Mlezi alimwinulia bakuli kwa mkono wake mwenyewe, akambusu paji la uso. Mpaka hapo, bakuli lililofunikwa haliguswi. Watoto waliimba hivyo wakiruka kamba uani: *lililofunikwa haliguswi, haliguswi*. Fundi Benchi, seremala mzee aliyechonga viti vyote vya ukumbi ule, aliwahi kufunikwa kwa kosa la kujichongea kigoda chake binafsi. Alisema neno upesi sana siku ile, akalia, akala. Mama Upawa ndiye aliyekuwa akilipita bakuli lake na upawa ukitoa moshi.

Sasa aliyefunikwa alikuwa mkwe wake, mke wa yule mwana aliyeingia Nyumba akiwa mgongoni.

Kosa lake lilikuwa hili. Mtoto wake mchanga alishikwa na homa mchana, akawa anawaka kama jiwe la jiko. Kanuni ilisema mgonjwa apelekwe kwanza kwa Baba Mlezi, aombewe, kisha Baba aamue kama atoke. Baba alikuwa kwenye tafakuri, na mlango wake haugongwi. Yule binti hakungoja. Alipita mlango wa kufulia, kanga moja kiunoni na nyingine kwa mtoto, akakimbia mpaka zahanati, akarudi na mtoto aliyepoa na chupa ndogo ya dawa. Jioni bakuli lake lilikuwa limepinduliwa. "Neno moja tu, binti yangu," Baba Mlezi alimwambia kwa upole. Naye akajibu, "Baba, mwanangu yuko hai. Nimekosa nini?" Tangu hapo kila siku aliulizwa, na kila siku alitikisa kichwa.

Mama Upawa alimlisha kwa ukoko. Upawa ulihesabu kila kitu sufuriani, ila ukoko haukuwa kwenye hesabu ya mtu, kwa kuwa aliyetunga kanuni hakuwahi kuosha sufuria. Kila baada ya chakula alikwangua, akaficha vipande kwenye pindo la kanga, akampitishia mkwe wake kwenye kamba ya kuanikia nguo. Mkwe alitafuna amejificha nyuma ya mashuka yenye maji. Haikutosha, lakini maziwa yalitoka.

Kisha Mungu akataka watu wafunge. Siku za saumu palipikwa uji tu, na uji ule mwepesi haukuacha ukoko wowote.

Asubuhi ya kufungua, gunia jipya la maharage likiwa limefika jana yake na furaha ikiwa imeenea ua mzima, Mama Upawa alipita chumbani kwa mkwe wake. Alimkuta ameketi kwenye godoro, mtoto kifuani. Mtoto alivuta, akaacha, akalia kile kilio cha hasira, akavuta tena, akaacha. Mkwe alimhamishia titi la pili. Ikawa vilevile.

"Hakuna kitu, mama," alisema. Hakulia. Midomo ilikuwa imempasuka.

Mwanawe Mama Upawa alikuwa amesimama dirishani, funguo za ghala zikining'inia kiunoni. Ndiye mshika funguo wa Nyumba, na aliipenda kazi hiyo kwa sababu alipewa akiwa bado kijana na watu wakamheshimu.

"Na wewe unasemaje?" mama yake alimuuliza.

"Mama, ni neno moja tu. Aseme, yaishe."

"Mkeo anakauka, mtoto anakauka, wewe unaniletea habari za neno moja."

"Baba amesema leo baada ya chakula, kama hajasema, mtoto atapewa mama mwingine anayenyonyesha. Mama mtiifu." Aliyasema hayo akitazama nje. "Kwa ajili ya mtoto mwenyewe, amesema."

Mkwe alimkumbatia mtoto mpaka mtoto akaguna. Mama Upawa aligeuka akatoka. Kama angefungua mdomo pale, angemtukana mwanawe, na alimzaa mwenyewe.

Alikwenda ofisini. Baba Mlezi alimpokea vizuri, akamvutia kiti, akamuuliza habari za magoti yake. Ndivyo alivyokuwa; hakumpigia mtu kelele hata siku moja, na kumkasirikia ilikuwa kazi ngumu kama kumkasirikia mto wa kulalia.

"Nimekuja kwa ajili ya mkwe wangu, Baba. Ananyonyesha. Mruhusu leo ale, adhabu iendelee kesho."

"Mama yangu, kwani mimi nimemnyima? Chakula chake kipo. Kinamngoja nyuma ya neno moja." Alitabasamu. "Nikiwaachia wanaonyonyesha, kesho nitawaachia wagonjwa, keshokutwa wazee, na Nyumba haitakuwa Nyumba. Wewe ndiye uliyenisaidia kuijenga. Mkono wako ni wa Nyumba, si wa ukoo. Leo utapakua, na bakuli lile utalipita, ulivyoyapita mengine yote."

"Nimesikia, Baba."

Alirudi jikoni. Akafunga kilemba upya, akachochea moto, akapika. Na alipika, siku hiyo! Maharage aliyoyaloweka tangu jana aliyachemsha mpaka yakalegea, akayaunga kwa vitunguu na nyanya, mafuta ya mgao mzima wa juma akayamimina bila kupepesa jicho. Chumvi alimkodolea macho.

"Mama, na kesho tutaungia nini?"

"Kesho itajijua."

"Haya, leo kuna jambo," alisema Chumvi, akashika mwiko, na kwa mara ya kwanza tangu amjue hakusema neno la ziada.

Harufu ile ilitangulia ukumbini kabla ya masufuria. Watu walikuwa wameshakaa, safu mbili za benchi, mabakuli mbele yao, vijiko mkononi, wameze mate wasimeze. Wajenzi walikuwa wamekonda mashavu kwa saumu. Bibi Vifungo alikuwa amefumba macho ananusa tu. Baba Mlezi alikaa katikati ya meza ya mbele, na katikati ya benchi la upande wa dirishani alikaa mkwe, mtoto kamfunga kifuani, bakuli lake likiwa limeinamia meza. Waliokaa kulia na kushoto kwake walikuwa wamegeuza mabega.

Sala ikasomwa. Mama Upawa akafunua sufuria, akachota kidogo, akapuliza, akaonja mbele ya wote kama ilivyokuwa desturi. Ukweli ni kwamba maharage yale yalikuwa matamu kuliko yote aliyowahi kupika maishani mwake.

"Bado," alisema.

Vijiko vilivyokuwa vimeinuka vikashuka. Baba Mlezi akatabasamu akiwatazama watu wake. "Tungoje. Mnaona? Tunangoja." Wakangoja. Mama Upawa alifunika sufuria, akasimama kando yake, upawa kaushika kama askari wa mlangoni. Inzi akapita. Tumbo la mtu likanguruma, mtoto mmoja akacheka, akafinywa.

Akafunua, akaonja tena. "Bado."

"Mama," alisema Baba Mlezi, "mbona harufu inatuambia kimeiva?"

"Harufu haina neno, Baba. Neno ni la mpishi. Ulisema mwenyewe."

Mtu akakohoa, na kikohozi kile kilikuwa na kicheko ndani yake. Tabasamu la Baba Mlezi halikuondoka, ila liliacha kusogea.

"Kimepungukiwa nini, basi?"

Mama Upawa aliushika upawa kwa mikono miwili. Alikuwa amelipanga jambo hili njia nzima kutoka ofisini, lakini kupanga na kusema mbele ya watu wenye njaa ni mambo mawili tofauti. Akapiga moyo konde.

"Kuna bakuli pale limepinduliwa. Mwenye bakuli hilo ananyonyesha, na maziwa yamekauka. Mimi nimepika chakula cha watu wote waliomo humu. Mpaka watu wote wawe na pa kupakuliwa, kwangu mimi bado hakijaiva."

Ukumbi ukalipuka. Mjenzi mmoja, jitu la mabega mapana, alipiga meza. "Mama, tumefunga sisi! Tumebeba matofali tumbo tupu! Usitufanyie hivyo!" "Mwambie mkweo aseme neno!" akapaza sauti mwingine. "Mmoja akose, tushinde njaa wote?" Watoto wakaanza kulia kwa kuona wakubwa wanapiga kelele. Mama Upawa alisimama. Ilimuuma, tena sana, kwa kuwa hawa aliwalisha kwa mkono wake mmoja mmoja, na alijua nani hapendi vitunguu na nani hutafuna upande mmoja kwa jino bovu. Walikuwa na haki ya kumkasirikia. Hata hivyo hakuushusha upawa sufuriani.

Baba Mlezi aliwaachia wapige kelele vya kutosha, kisha akainua kiganja, wakanyamaza. "Wanangu, mnaona ni nani anayewanyima leo? Ni mimi?" Akamgeukia mkwe. "Binti yangu, angalia watoto hawa wanavyolia. Yote haya yako mikononi mwako. Simama, useme neno lako, watu wale."

Mkwe akasimama. Watu wakashusha pumzi. Mjenzi akashika kijiko chake tayari.

"Mtoto wangu alikuwa anawaka moto," alisema, sauti imekwaruza kwa kukaa bila kusemeshwa. "Nilipita mlango wa kufulia nikamkimbiza zahanati. Akishikwa tena kesho, nitapita mlango uleule. Mkitaka kula, kuleni, simlaumu mtu, najua njaa ilivyo. Lakini nimekosa, hilo sitalisema. Nikisema, nitakuwa nimesema ilikuwa heri afe." Akakaa.

Yule mjenzi aliangalia kijiko chake. Mwaka uliotangulia alikuwa amezika mtoto, akiwa bado anangoja mlango wa Baba ufunguliwe. Hakuna aliyemkumbusha, na hakuhitaji kukumbushwa. Akakiweka kijiko mezani, taratibu.

"Chumvi," Baba Mlezi aliita. "Njoo uonje wewe. Nawe ni mpishi."

Chumvi akaja mbio kana kwamba ameitwa kupokea zawadi. Akachota upawa, si kidogo, akapuliza, akala. Akafumba macho. Akachota tena. "Ngoja nihakikishe, Baba, jambo hili si la mchezo." Akala tena, akajilamba vidole, akatikisa kichwa kwa majonzi makubwa. "Bado. Bado kabisa. Yaani mbali."

Safari hii walicheka, si wote, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha kweli, na kicheko cha kweli ukumbini mle kilikuwa mgeni. Baba Mlezi akainuka. Alikuja mpaka kwenye sufuria, akauchukua upawa kutoka mkononi mwa Chumvi, akaonja mwenyewe. Akawageukia watu.

"Kimeiva," alisema. "Kuleni."

Hakuna mkono ulioinuka.

Msidhani ulikuwa ushujaa wa wote. Wengine walitaka kula, na waliona haya baadaye kukumbuka jinsi walivyotaka. Lakini miaka yote ile, siku baada ya siku, walikuwa wamefunzwa kwamba kijiko hakiendi mdomoni kwa neno la mwingine yeyote, na mikono yao ililijua funzo hilo kuliko vichwa vyao. Walimwangalia Mama Upawa. Kijana mmoja aliinua kijiko nusu, akakirudisha kama aliyeungua.

Fundi Benchi ndiye aliyesema, na alisema bila ubaya wowote, kwa kuwa alikuwa mzee wa kufuata mambo yalivyopigwa mstari. "Samahani, Baba. Wewe neno hilo huna. Ulisema hata wewe huna."

Baba Mlezi akaurudisha upawa sufuriani, akarudi mahali pake, akakaa. Kisha akafanya jambo alilolifanya mara moja tu huko nyuma, na siku ile ya kwanza watu walilala kifudifudi sakafuni wakimlilia mpaka akakubali kula. Alilishika bakuli lake kwa mikono miwili, akalipindua juu ya meza.

"Basi," alisema kwa upole. "Kama hivi ndivyo mlivyochagua, nami sitakula. Nitakaa hapa na njaa yangu, kwa ajili yenu."

Bibi Vifungo akaanza kulia. Benchi moja likakwaruza, mtu akitaka kupiga magoti. Mama Upawa aliona ukumbi mzima ukianza kumwinamia mtu yule kama majani. Alijua wakishapiga magoti, kazi imekwisha: wataomba radhi, yeye ataporwa upawa, na mtoto atafunguliwa kifuani kwa mama yake kabla masufuria hayajaoshwa.

Hapo ndipo funguo zilipolia.

Mwanawe alikuwa amesimama. Alitembea kati ya meza, kishada cha funguo kikigonga paja lake kila hatua, na watu wakampisha wakidhani anakwenda mbele kumbembeleza Baba. Alipita meza ya mbele bila kugeuza shingo. Akazunguka mpaka upande wa dirishani, akasimama nyuma ya mkewe. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. Akanyoosha mkono juu ya bega la mkewe, akalishika lile bakuli, akaliinua. Chini yake meza ilikuwa na duara safi, pasipopita kitambaa kwa siku nyingi. Akalipangusa bakuli kwa pindo la shati lake, ndani na nje, akaliweka wima.

"Mtoto haendi popote," alisema, na sauti ilimkatika katikati, lakini alimaliza. Kisha akainua kichwa. "Mama. Kimeiva?"

Mama Upawa hakuonja tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi.

"Kimeiva," alisema.

Akaanza na mkwe. Upawa mmoja wa wali, upawa mmoja wa maharage, umejaa mpaka ukingo. Kisha akashika safu kama siku zote, Chumvi nyuma yake na sufuria ya pili, na kila bakuli likapata chake: mjenzi, Fundi Benchi, watoto waliokuwa bado wana kwikwi, Bibi Vifungo aliyelishika bakuli lake, machozi yakidondokea wali. Vijiko vikaanza kugonga bati. Hakuna aliyepiga magoti tena. Ni vigumu kupiga magoti bakuli likiwa limejaa.

Akafika meza ya mbele. Baba Mlezi alikuwa amekaa wima, mikono pande zote mbili za bakuli lake lililopinduliwa, anamtazama. Alikuwa anangoja. Mama Upawa aliliona hilo waziwazi: alikuwa anangoja aombwe. Upawa ulikuwa mkononi umejaa, unatoa moshi. Ukumbi mzima ulikuwa unatafuna kwa midomo na kutazama kwa macho.

"Baba," alisema Mama Upawa, "umejifunika."

Baba Mlezi akalisukuma bakuli lake mbele kidogo, likiwa bado kifudifudi.

"Bakuli lililofunikwa haliguswi," alisema, akarudisha upawa sufuriani, akapita.

Waliokaa kulia na kushoto kwa Baba Mlezi walitazamana. Kisha, polepole, kwa adabu yote waliyofunzwa, wakageuza mabega. Ukumbini mle aliyefunikwa hasemeshwi, na hawakumsemesha. Aliangalia watu wakila. Mara mbili alifungua kinywa, na mara zote mbili alikuta nyuso zimeinamia mabakuli. Kuliinua lile bakuli ilikuwa kazi ya mkono mmoja tu, lakini kabla ya kuliinua ilimpasa asimame aseme neno moja, na neno hilo hakuwahi kulitumia.

Sufuriani ulikuwa umebaki upawa mmoja. Mama Upawa alikuwa anapika kwa hesabu ya vichwa miaka yote ile, hakuwahi kukosea, na kila mtu ukumbini alijua upawa ule ni wa nani. Aliusimamia bila kujua aufanye nini. Kesho huenda angefukuzwa jikoni, huenda wote wanne wangekuwa nje ya geti na vifurushi vyao. Alilijua hilo, na kwa mara ya kwanza halikumtisha.

Upande wa dirishani, mkwe alikuwa amemaliza. Mtoto alikuwa kifuani bado anahangaika, anavuta na kuacha, kwa kuwa maziwa hayaji kwa kuitwa. Mkwe alilifuta bakuli kwa kidole, akakilamba, akaangalia sufuria. Kisha akalinyoosha bakuli mbele yake kwa mkono uliokuwa mtupu, juu ya vichwa vya waliokaa, akasema neno ambalo halikuwahi kutamkwa kwenye meza ile tangu Fundi Benchi aigongee msumari wa kwanza.

"Mama, niongeze."

Mama Upawa aliukwangua ule upawa wa mwisho, na ukoko pamoja nao, kwa kelele, bila kuficha chochote kwenye pindo la kanga. Akaubeba kupita ukumbi mzima mpaka dirishani, akaumimina wote.

"Kula, mwanangu," alisema. "Kimeiva."